SAHIHI YA SAA MOJA ASUBUHI

"Mmenichoma maji."

Hapo ndipo tulipoachana juma lililopita, msomaji wangu. Fundi wa mabati amemkamata Sista Msumari mkono, jasho linamtiririka hadi masikioni, na hamwachii. Wodi ya upasuaji ya wanaume, kitanda namba kumi na nne, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

"Umesemaje?" Sista Msumari akauliza.

"Umenisikia. Usiku wananichoma dawa, nalala. Mchana mnanichoma maji, nakesha na jua. Leo siku ya nne. Mnadhani mtu akianguka kutoka juu ya paa anaacha na akili zake huko juu?"

Kuna msomaji aliniandikia wiki hii kwamba fundi huyu ni mwongo, anajidekeza. Ndugu yangu, omba usivunjike mguu sehemu mbili. Fundi aliteleza kwenye paa la ghala, akatua juu ya rundo la matofali, na kidonda alichonacho chini ya goti kina upana wa kiganja changu. Kila siku kinafunguliwa na kusafishwa. Na badala ya pole, wodi nzima, kuanzia wafagizi hadi daktari, imempa jina. Wanamwita Bwana Kelele.

Sista Msumari naye alimwita hivyo. Juzi tu alisimama mbele ya kitanda hiki hiki, mikono kiunoni, akamwambia, "Mwanaume mzima, jikaze." Nampenda sana mama huyu, mnajua, lakini siku ile nilitamani kumzaba kibao.

Leo hakumwambia ajikaze. Alichomoa kurunzi ndogo mfukoni, akainama, akamfunua fundi jicho.

Mofini, ile dawa kali ya maumivu, ikishaingia mwilini, mboni ya jicho husinyaa ikabaki nukta. Kope huwa nzito, pumzi hupungua kasi. Kwa mujibu wa cheti kilichoning'inia kitandani, fundi alikuwa amechomwa kichupa kizima cha mofini saa nne kamili. Mtu wa namna hiyo hana nguvu ya kumng'ang'ania muuguzi mkono. Mboni za fundi zilikuwa wazi kabisa. Sista akazihesabu pumzi zake kwa saa iliyoning'inia kifuani: ishirini na nane kwa dakika.

Miaka kumi na tisa ya uuguzi, na katika siku zote hizi nne hakuwa amemtazama mgonjwa huyu machoni.

"Nimesema tangu Jumatatu," mke wa fundi alisema kutoka upande wa pili wa kitanda. Alikuwa ameshika taulo lililolowa jasho la mumewe. "Nimesema mpaka koo limekauka. Mnaniambia mume wangu mwoga."

"Niachie mkono, mzee wangu," Sista akasema taratibu. "Narudi sasa hivi."

"Kila siku mnarudi sasa hivi," fundi akajibu, akamwachia.

Chumba cha dawa kipo mwisho wa wodi. Humo kuna kabati la chuma, na ndani ya kabati hilo kuna kabati jingine dogo, na ndani ya hilo dogo ndimo mofini inamolala. Funguo ni mbili. Mmoja Sista Msumari anaubana kwa pini ndani ya aproni yake. Wa pili hushikwa na muuguzi wa zamu. Juu ya kabati kuna daftari, na kila mstari wake una nafasi ya saa, kitanda, kiasi cha dawa, jina la aliyechoma na sahihi ya shahidi.

Sheria ya shahidi hata mtoto ataielewa. Aone kwa macho yake kichupa kikivunjwa. Aone dawa ikivutwa kwenye sirinji na ikiingia mwilini mwa mgonjwa. Kama imebaki nusu, aone ile nusu ikimwagwa kwenye sinki. Ndipo atie sahihi.

Sista akafungua daftari. Saa nne kamili. Kitanda kumi na nne. Kichupa kizima. Aliyechoma alikuwa wifi yake. Na shahidi, kwa wino wa bluu, mkia mrefu wa herufi ya mwisho ukivuka mstari, alikuwa yeye mwenyewe.

Saa nne kamili Sista Msumari alikuwa stoo, ghorofa ya chini, akigombana na mtunza stoo kuhusu mashuka.

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu upuuzi huu hauwezi kufanywa na mtu mvivu, unafanywa na mchapakazi. Wodi ina vitanda arobaini na wauguzi wawili kwa zamu. Kila mofini ikitakiwa, muuguzi mmoja aache kidonda wazi, anawe, aje kushuhudia sindano ya mwenzake. Sista Msumari akaona huko ni kupoteza muda. Akabuni njia. Kila siku saa moja asubuhi, wakishapokezana zamu, anakaa na daftari na kutia sahihi ya shahidi mistari yote, kuanzia juu ya ukurasa hadi chini. Kisha kila mtu anaendelea na kazi yake. Njia hiyo aliiita kutanguliza sahihi, na alijivunia. Akawafundisha wauguzi wapya kama vile amegundua tiba.

Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa huyo huyo wifi yake.

Tumjue vizuri huyu wifi, kwa faida ya wanaoanza leo. Ni mdogo wake mume wa Sista Msumari. Ndugu wawili waliobaki katika nyumba yao ni yeye na huyo kaka yake. Sista ndiye aliyemshika mkono akampeleka chuo cha uuguzi, na ndiye aliyemwombea nafasi katika wodi hii. Wanaishi nyumba moja, mwendo wa dakika kumi kutoka lango la hospitali, pamoja na mama mkwe na huyo mume, dereva wa lori ambaye gari lilimpindukia mwaka jana likamwachia mgongo mbovu. Mwezi huu, Mungu si Athumani, amepata nafuu. Anakaa kitako, anacheka, anakula. Sista amekuwa akimsimulia kila mtu.

Mlango ukasukumwa. Wifi akaingia akihema, viatu vyake vyeupe vimejaa vumbi.

"Ulikuwa wapi?"

"Chai, wifi. Na mimi ni mtu."

"Chai ya kantini ndiyo inakutoa jasho hivyo? Na hilo vumbi lilikuwa ndani ya kikombe?"

Wifi akacheka. "Jamani wifi yangu kwa maneno! Kaka alikuoa au alijitafutia polisi?"

"Kitanda kumi na nne umemchoma nini?"

"Kilichoandikwa."

"Nimemwangalia mboni."

Kicheko kikaisha. Wifi akarudishia mlango kwa kisigino, akaja karibu, akaweka kidole juu ya mstari wa saa nne, pale penye wino wa bluu.

"Hii sahihi ni ya nani, wifi?"

"Usinichezee."

"Sikuchezei. Nauliza. Daftari linasema nilimchoma mofini na wewe ukaona. Kama sikumchoma, basi wewe uliona nini?"

Mkono wa Sista Msumari ulinyanyuka. Ulikuwa umefika usawa wa sikio pale mlango ulipofunguliwa tena, na wakaingia daktari wa mifupa na mfamasia.

Daktari huyu ni mtu wa haraka, anaongea akitembea. "Sista, Bwana Kelele anaingia chumba cha vidonda baada ya robo saa. Na mofini nimeikata, yeye na mkewe nimeshawaambia."

"Umeikata?"

"Jana alikuwa anapata nusu kichupa, anapiga kelele. Leo asubuhi nimempandishia kichupa kizima, bado anapiga kelele. Mwili umeshazoea huo, au mtu mwenyewe anaitamani tu. Kuanzia sasa apewe vidonge vya kawaida."

"Kidonda kile kisafishwe kwa vidonge?"

"Hata kichupa kizima hakijamsaidia, Sista. Si ulishuhudia mwenyewe?"

Sista akaliangalia daftari.

Mfamasia alisogea mezani. Ni mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, mtu anayehesabu vichupa vitupu mara mbili kabla hajatoa kizima. Alikuwa na trei yake ya vichupa vitupu mkononi. "Vitupu vimetimia," alisema. "Nipeni daftari nifunge hesabu ya mgonjwa huyu, dawa yake irudi stoo."

Wifi alikuwa mwepesi kuliko wote. Alilinyakua daftari, akalikalisha juu ya mkono wake wa kushoto, na kiganja cha kulia akakilaza kwenye nusu ya chini ya ukurasa, kana kwamba anazuia upepo usiugeuze.

"Hili hapa, mzee. Mstari wa saa nne. Kila kitu sawa."

Chumba hakina dirisha. Upepo utoke wapi?

Chini ya kile kiganja kulikuwa na mistari ya saa nane, ya saa kumi na mbili na kuendelea. Mistari mitupu. Haina mgonjwa, haina kiasi, haina aliyechoma. Ina saa na sahihi ya shahidi tu. Sista Msumari alikuwa ameshuhudia sindano ambazo hazijachomwa.

Kiganja kikibaki pale, mambo yanaisha vizuri. Mfamasia anatia muhuri, daktari anaondoka, fundi anabaki kuwa Bwana Kelele, na Sista anabaki na leseni yake na kazi yake na heshima yake ya miaka kumi na tisa. Kiganja kikiondoka, hakuna atakayemsikiliza akisema ni wifi. Sahihi zote ni zake.

"Wifi," msichana alinong'ona bila kusogeza midomo, "tukianguka tunaanguka wote. Kaka atamtegemea nani?"

Nilipofika hapa katika kuandika nilisimama nikanywa maji. Maana nawajua watu wengi wazuri ambao wangekiacha kile kiganja pale, na kesho yake wangeenda kazini wakitabasamu. Mimi mwenyewe siapi.

Kilichomsukuma Sista hakikuwa ujasiri. Ilikuwa sauti. Mlango ulikuwa umeachwa wazi, na kutoka kitanda cha kumi na nne ilimfikia sauti ya mke wa fundi, "Vidonge? Wanakukwangua mguu kwa vidonge?" Kisha sauti ya fundi, ya chini, bila kelele yoyote: "Nipe hilo taulo niume. Wanasema napiga kelele."

Sista Msumari alikamata kiganja cha wifi yake, akakiondoa juu ya daftari.

"Mzee, soma huko chini."

Mfamasia akapandisha miwani. "Saa nane mchana... lakini saa nane bado."

"Bado."

"Na umeshashuhudia."

"Nimeshashuhudia tangu saa moja asubuhi. Na jana hivyo hivyo. Na mwaka jana hivyo hivyo." Akamgeukia daktari. "Sikuona kichupa hata kimoja kikivunjwa kwa mgonjwa yule. Daktari, nenda kamwangalie mboni zake. Mtu huyu hajazoea mofini. Mchana hajaipata mofini tangu Jumatatu. Amechomwa maji ya kuchanganyia dawa, na mimi nimemtolea ushahidi kwamba nilimwona akitibiwa."

Macho ya daktari yaligeuka mekundu. "Unaelewa unachokisema? Leseni yako..."

"Leseni yangu naijua kuliko unavyoijua wewe! Ipo ukutani kwangu ndani ya kioo! Kamchome mgonjwa kwanza, halafu uje unihubirie leseni!"

Wodi nzima ilisikia. Hata mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye hasikii vizuri, aliinua kichwa.

Mfamasia akanyoosha mkono, kiganja juu. Hakupaza sauti. "Ufunguo, Sista."

Ile pini ilimsumbua kuifungua. Alipomaliza, ufunguo ulikuwa na joto la mwili wake. Wifi akatoa wa kwake, akautupa juu ya meza.

"Kuanzia dakika hii," mfamasia alisema, "nyote wawili hamgusi dawa yoyote katika hospitali hii. Hata ya kichwa."

Na sasa tazama jinsi kazi hii inavyotakiwa kufanywa, maana watu wanne walitembea hadi kitanda cha kumi na nne na kila mmoja alikuwa na macho. Mfamasia alishika kichupa kwenye mwanga, akasoma kwa sauti jina la dawa, nguvu yake na tarehe ya mwisho. Daktari akasoma tena. Trei ya dharura ikawekwa kando ya kitanda, ndani yake mfuko wa kupulizia pumzi na vichupa viwili vya naloksoni, dawa inayomzindua mtu mofini ikimzidi. Daktari akavunja kichupa, akavuta, mfamasia akiangalia. Kisha akaingiza kwenye mshipa polepole, robo kwa robo, akingoja na kuhesabu pumzi. Ilichukua dakika kumi. Sindano ilipotoka, ndipo wakatia sahihi, wote wawili, kwenye ukurasa mpya.

Dakika kumi tu. Hizo ndizo Sista Msumari aliona atazipoteza.

Uso wa fundi ulilegea kuanzia kwenye paji. Mikono ikaachia vyuma vya kitanda. Taulo likamtoka mdomoni likabaki kwenye mto.

"Sista," aliita, ulimi mzito. "Hii ndiyo dawa."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Siku nne, Sista."

Akafumba macho. Sista alimgeukia mkewe amwombe radhi, lakini mama yule hakumpa nafasi.

"Ulimwambia ajikaze," alisema. "Mbele yangu. Usiniombe radhi leo, sitaipokea."

Daktari aliona aibu, aibu ikageuka ukali, na akamrukia wifi pale pale miguuni pa kitanda. "Kunja mikono ya gauni! Nione mishipa!"

Wifi akaikunja hadi mabegani. Mikono ilikuwa safi, bila alama hata ya mbu.

"Mnatafuta nini? Angalieni vizuri. Leteni na kurunzi."

"Basi unauza," mfamasia akasema.

"Siuzi."

"Kama hutumii na huuzi, umezipeleka wapi?" Sista Msumari alimshika mabega, akamtikisa. "Nimekulea! Nimekufundisha kushika sirinji kwa mkono huu! Mtu anauma taulo, wewe unabeba dawa yake unaipeleka wapi?"

Ndipo wifi alipolipuka. Na msomaji, nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini aliniharibia.

"Mgongo wa kaka umepona kwa nini, wifi? Kwa maombi yako?"

Mikono ya Sista ikabaki mabegani mwa msichana, imesahaulika.

"Wewe ukirudi nyumbani umechoka, unaweka kichwa unalala. Mimi chumba changu kimepakana na chenu. Miezi nasikia mtu mzima analia ndani ya mto ili mkewe asiamke! Tulimleta hapa hapa, kwa daktari huyu huyu, akampa vidonge na kumwambia atazoea. Na wewe ulimwambia nini? Ulimwambia ajikaze! Unalo neno jingine wewe?"

"Nyamaza."

"Sinyamazi! Nilianza na mabaki. Zile nusu za kumwagwa. Nikasema simwibii mtu, ni mali ya sinki. Akapata usingizi. Akacheka. Ukaanza kutangaza wodi nzima kwamba Mungu amekujibu. Kisha mwezi huu nusu ya mabaki ikawa haimfikishi jioni, na huyu wa kitanda cha kumi na nne kila mtu alikuwa ameshasema ni mtu wa kelele. Nikajua hata akilia hakuna atakayemsikiliza." Machozi yalikuwa yanamshuka lakini sauti haikulegea. "Hilo sikulibuni mimi. Nililikuta."

Daktari alikuwa ameshabadilika rangi. Alikuwa amesikia kitu ambacho wengine hawakukisikia bado. "Leo," alisema. "Leo nimeandika kichupa kizima."

"Ndiyo."

"Kipo wapi?"

Wifi akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Niliivuta dawa kwenye sirinji, nikakimbia nayo nyumbani wakati wa chai. Kaka alisema nusu haimshiki tena. Nikasema kama kizima kinamfaa fundi, kitamfaa na yeye. Akatabasamu, nikarudi mbio."

"Hujawahi kumchoma kizima kwa mara moja?"

"Hapana."

"Nani yuko naye?"

"Mama."

Sista Msumari alikuwa ameshatoa simu. Iliita mara tano. Aliiweka sauti ya juu ili asikie kila mtu.

"Mama, mume wangu yuko wapi?"

"Ee! Siku hizi hata salamu hakuna?" Mama mkwe alikuwa na furaha, ilisikika. "Amelala, mwanangu. Na leo amelala kweli! Usiku hakufumba jicho, nikamwonea huruma, nikampa vile vidonge vyake vya usingizi. Alipoona havimchukui nikamwongezea viwili. Kisha wifi yako akapita kumsalimia, na toka hapo ni usingizi mtupu."

Vidonge vya usingizi. Na juu yake mofini, kichupa kizima. Daktari akaweka mkono mdomoni.

"Mama, mwamshe."

"Nimwamshe? Mtoto hajalala vizuri tangu ajali! Wahenga walisema aliyelala usimwamshe. Anakoroma raha mustarehe."

"Anakoromaje? Mama, peleka simu karibu naye."

Ikasikika miguu inaburuta, mlango, kitanda kinalia. Kisha likaja lile koromo. Refu, zito, lenye maji ndani yake, kama mtu anayevuta pumzi ya mwisho kupitia kitambaa. Kisha kimya. Kila muuguzi analijua koromo hilo, na hakuna anayeliita usingizi.

"Mpige mabegani! Mwite kwa nguvu! Mlaze ubavu, mwinue kidevu!"

"Nini, mwanangu? Kuna nini?"

"Fanya, mama!"

Sista aligeukia trei ya dharura. Vichupa viwili vya naloksoni vilikuwa pale, hatua moja kutoka mkononi mwake. Dakika kumi kwa miguu, tano kwa mbio. Akanyoosha mkono.

Mkono wa mfamasia ulikuwa umeshatangulia juu ya trei.

"Sista," alisema, "huruhusiwi."

"Basi twende wote! Daktari!"

Daktari alikuwa na vidole kwenye mshipa wa shingo ya fundi. "Nimemchoma huyu sasa hivi. Akizidiwa nikiwa njiani? Siwezi kumwacha. Mzee, mpe! Kwa jukumu langu!"

"Na fundi akizidiwa, utamzindua kwa dawa gani?" mfamasia akauliza. "Wodi ina hivi viwili tu, na kimoja kinaweza kisimtoshe mtu." Mkono wake haukutoka, wala haukukaza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, mzee yule hakujua cha kuhesabu.

Kutoka kwenye simu ilisikika sauti ya mama mkwe, haina tena furaha. "Mwanangu, haamki. Mbona midomo yake imekuwa ya kijivu?"

"Mama, nisikilize. Weka kiganja kifuani kwake. Kila akivuta pumzi, niambie. Hesabu kwa sauti."

Wifi alikuwa amekaa sakafuni, amejiziba masikio. Sista alikodolea macho saa yake ya kifuani, mkono mmoja umeshika simu, mwingine umenyooka kuelekea trei.

"Moja," mama mkwe akasema.

Mshale wa sekunde ukapita kwenye tatu. Ukapita kwenye sita. Ukapita kwenye tisa.

"Mama? Mbili iko wapi?"

"Bado, mwanangu," mama akasema. "Naingoja."